Kibali cha Maji ni Ngao ya Mnyonge

Wako watu wasemao kwamba mto ni mali ya Mungu, na kwa hiyo kuomba kibali cha kuchimba mfereji ni usumbufu wa maofisa tu. Sisi hatukubaliani nao. Maji ni ya Mungu kweli, lakini anayeyaziba juu huwanyima walio chini, nao ni waja wa Mungu vile vile.

Tazameni Ruaha Mkuu. Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikatika wakati wa kiangazi, ukaendelea kukatika kila kiangazi kwa miaka mingi. Sababu moja kubwa ni maji yaliyochepushwa kwa mifereji ya mpunga huko Usangu, juu ya kinamasi cha Ihefu. Na chini ya hapo ndipo yalipo mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Sheria ipo. Ile ya Rasilimali za Maji ya 2009 yamtaka mwenye kuchepusha maji, kujenga bwawa au kumwaga majitaka mtoni apate kwanza kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Majitaka nayo lazima yatimize viwango vya usafi. Sheria ya Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Lakini mama anayechota ndoo ya nyumbani hadaiwi kibali. Basi sheria hii haikutungwa kumwonea mnyonge.

Ila sheria njema huharibiwa na watendaji wabaya. Mkulima wa nusu eka akitozwa faini, na mwenye shamba kubwa akafungua lango lake usiku bila kuulizwa, huo ni uonevu. Kwa hiyo tunadai mambo matatu: kila ombi litangazwe kijijini kabla ya kibali kutolewa, maji yapimwe na majibu yasomwe mbele ya watu, na ada ibandikwe mlangoni pa ofisi, kila mtu aione.

Nasi wanachama tuna wajibu. Undeni jumuiya za watumia maji, ombeni vibali kwa pamoja, gawaneni zamu. Na kiongozi wa tawi mwenye mfereji usio na kibali, atamkanya nani? Aanze yeye kwenda kuomba.

Shime, ndugu! Kiangazi hakingoji mkutano.