Mashua Ivujayo na Kopo la Kukumbia Maji

Juma lililopita katika ukurasa huu tulizungumza habari za mabati ya paa na misumari yake. Baada ya hapo nilipata barua kutoka kwa msomaji mmoja akaaye kando ya ziwa, akiniuliza hivi: "Mashua yangu ndogo ni ya alumini, nayo inavuja mahali pa ribiti moja tu. Je, nipazibe kwa lami, au niendelee kukumba maji kama nilivyozoea?"

Namshukuru kwa swali lake, maana limenigusa mahali penye kovu. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kalamu na majalada, si nyundo. Lakini jambo hili nalijua kwa sababu nililikosea kwanza mimi mwenyewe, na gharama ya kosa langu ikalipwa na mtoto asiyekuwa na hatia.

Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu, ni mkulima karibu na Ziwa Naivasha. Mbali na shamba lake ana mashua ya alumini ya kutegea nyavu, ambayo aliinunua ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi. Mashua za namna hiyo huundwa kwa mabamba membamba yaliyounganishwa kwa ribiti, yaani vipande vifupi vya alumini vyenye kichwa upande mmoja, ambavyo hupitishwa katika tundu na kupondwa upande wa pili mpaka vikaze. Mashua moja huwa na ribiti mamia, na kila ribiti ina tundu lake. Mashua ikiburutwa juu ya mawe, au ikitikiswa na mawimbi mwaka baada ya mwaka, ribiti hulegea, na maji huanza kupenya.

Basi mashua ya shemeji ilianza kuvuja. Maji hayakuwa mengi. Kopo la mafuta ya kupikia lilitosha kuyakumba. Lakini mtu avutaye makasia hawezi kukumba maji, wala avutaye wavu hawezi. Kwa hiyo shemeji akamketisha mwanawe wa miaka 11 upande wa tezi, akampa kopo. Mwanzo ilikuwa Jumamosi tu. Kisha ikaongezwa Jumatano. Nilipofika huko wakati wa likizo yangu nalimkuta kijana anarudi kutoka ziwani asubuhi ya siku ya shule, suruali imelowa mpaka magotini, viganja vimekunjamana kwa maji. Nikamuuliza, "Mbona hukwenda shule?" Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, mashua haiwezi kwenda bila mimi."

Maneno hayo yaliniuma. Na kwa kuwa mtu aliyesoma hupenda kuonekana anajua kila kitu, nikasema, "Shemeji, jambo hili ni dogo." Nikanunua bolti ya chuma na washa mbili za shaba, nikaing'oa ribiti iliyolegea, nikatia bolti mahali pake, nikapaka lami ya paa, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote. Mashua ikakauka. Nikasifiwa, nikachinjiwa jogoo, nikarudi kazini. Kabla ya mwaka kwisha dada akaniletea habari kwamba kijana amerudi katika kazi yake, tena sasa kopo halitoshi, amepewa ndoo.

Yafaa nieleze kosa langu lilikuwa nini, ili mwenzangu asilirudie. Kwanza, bolti haijazi tundu kama ribiti. Ribiti inapopondwa hunenepa na kulijaza tundu lote; bolti huacha nafasi, na katika nafasi hiyo hucheza, na kwa kucheza hulipanua tundu. Pili, madini mawili ya namna mbalimbali yakigusana ndani ya maji huwa kama betri ya tochi, na mmoja kati ya hayo mawili huliwa. Alumini ikikutana na shaba au chuma, ni alumini inayoliwa. Nilipoitoa ile bolti nalikuta unga mweupe umeizunguka, na kumbe unga huo ulikuwa ni mashua yenyewe. Katika maji ya chumvi, kama ya Mombasa au Lamu, madhara haya huja upesi zaidi kuliko katika maji matamu ya Naivasha. Tatu, lami ya paa haikuumbwa kwa bamba linalotikisika. Ilipokauka ilipasuka na kubanduka.

Tena nalisahau kwamba alumini si mbao. Mafundi wa pwani hukalafati mashua na majahazi kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na mbao zenyewe zikinywa maji hufura na kusaidia kuziba nyufa. Alumini hainywi maji wala haifuri. Tundu lililo wazi leo halitajifunga kesho, wala mwaka ujao.

Safari ya pili sikujifanya mjuzi. Tulimtafuta mzee mmoja sokoni, fundi wa sufuria. Huenda msomaji akacheka, lakini sufuria zetu nyingi ni za alumini, na mtu aliyeziba sufuria kwa miaka 30 anaijua tabia ya madini hayo. Sasa nitaeleza kazi yake kwa utaratibu.

Alianza kwa kutafuta mahali panapovuja. Sisi tulidhani panajulikana, kwa kuwa maji yalionekana daima upande wa tezi. Mzee akatuambia kwamba maji huingia popote na kutiririka mpaka mahali pa chini. Mahali yanapokusanyika si lazima pawe mahali yanapoingia. Mashua ikavutwa pwani, ikaondolewa kila kitu, ikawekwa juu ya magogo, ikafutwa kwa nje mpaka ikakauka kabisa. Kisha akamimina maji ndani kidogo kidogo, naye akapita kwa chini akitazama matone yanapotokea, na kila lilipotokea tone akatia alama. Angalia, msomaji, usiijaze mashua. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Ndoo kumi ni kilo 200, na mashua iliyo juu ya magogo haikuundwa kuubeba mzigo huo bila kuegemezwa na maji ya nje. Tulitazamia alama moja. Tulipata nne: tundu nililoliharibu mimi, na ribiti tatu nyingine zilizolegea.

Ribiti tatu zile matundu yake yalikuwa mazima, kwa hiyo alizikaza tu. Mashua ililazwa ubavu. Shemeji akashikilia nyundo kubwa na nzito kwa nje, akiikandamiza juu ya kichwa cha ribiti bila kuitikisa. Mzee akawa ndani na nyundo ndogo, akagonga mwisho wa ribiti kwa mapigo mafupi, mepesi, mengi. Hakugonga kwa hasira. Pigo kubwa hulinyosha bamba, na ribiti za jirani hulegea, na hapo utakuwa umeziba tundu moja na kufungua mawili.

Tundu langu lilihitaji kazi zaidi. Tundu lililopanuka kidogo na kubaki la mviringo halina taabu: ribiti ya zamani hutolewa kwa kutoboa kichwa chake katikati kwa keekee, kisha kuisukuma nje kwa msumari butu, tundu hutobolewa tena sawasawa, na hutiwa ribiti ya alumini iliyo nene kidogo, pengine ya milimita 6 mahali pa ile ya milimita 5. Ribiti hiyo huchovywa kwanza katika gundi ya mashua, ile ibakiayo laini kama mpira hata ikikauka. Kichwa hukaa upande wa nje, na ncha inayotokeza ndani iwe na urefu wa mara moja na nusu ya unene wa ribiti. Ikiwa fupi haitakuwa na cha kupondwa. Ikiwa ndefu itapinda.

Lakini tundu langu halikuwa la mviringo tena. Lilikuwa kama yai, na kando yake palikuwa na ufa mdogo. Hapo ribiti peke yake haifai. Mzee alikata kiraka cha bamba la alumini chenye unene ule ule, akaziviringisha pembe zake kwa tupa. Akatoboa kitundu kidogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee. Akasugua mahali pale kwa msasa mpaka paking'aa, akapaka gundi, akabandika kiraka, akakizungushia ribiti pande zote.

Nilimwuliza kwa nini asichomee kwa moto tumalize upesi. Akasema kwamba chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka, kikakuonya, alumini haikuonyi. Huyeyuka kwenye joto la digrii 660, rangi yake ikiwa karibu ile ile, na bamba jembamba hutoboka mbele ya macho yako. Tena joto huzilegeza ribiti za jirani. Wako mafundi wenye mitambo ya kazi hiyo na ujuzi wake, lakini si kila mwenye moto ni fundi wa alumini.

Msomaji huenda akaona madukani ribiti zinazovutwa kwa koleo maalumu kutoka upande mmoja tu. Ni nzuri mahali ambapo mkono haufiki ndani, lakini zile za kawaida zina tundu katikati, na maji hupita humo. Kwa mashua nunua zile zilizozibwa mwisho, na uzitie gundi vile vile.

Kazi yote ilikwisha kwa siku moja. Lakini karatasi iliyokuwa juu ya mkebe wa gundi ilitaka siku saba za kukauka. Shemeji akanung'unika, maana nyavu zake zilikuwa zikimngoja. Mzee akakusanya vyombo vyake, akamwambia, "Ukitaka kuvua kesho, mlete mtoto na ndoo yake." Shemeji akanyamaza. Baada ya siku saba tulimimina maji ndani tena, tukatazama kwa nje, na pote palikuwa pakavu.

Neno moja zaidi kwa ajili ya usalama. Ribiti ikitoka mkiwa katikati ya maji, usitafute bolti. Chukua kijiti laini kilichochongwa, kizungushie kitambaa, kitie katika tundu kwa kukisukuma polepole, kisha rudini pwani mara moja. Ziwa Naivasha lina viboko wengi, na mashua iliyojaa maji haikimbii. Kila mtu na avae boya lake kabla ya kuondoka, si baada ya maji kuingia.

Kopo lingali ndani ya mashua ya shemeji, kama ipasavyo, maana mvua hunyesha na mawimbi hurusha maji. Lakini halina mtoto wa kulishika. Kijana yuko darasani Jumatano na siku zote. Masomo aliyoyakosa bado anayafuata nyuma, hasa hesabu, na kila nikimwona na daftari lake naikumbuka ile bolti yangu na jogoo niliyechinjiwa.

Basi, ndugu msomaji uliyeniandikia, jibu langu ndilo hili: usitie lami, wala usiendelee kukumba. Mvujo mdogo huonekana kuwa rahisi kuuvumilia kwa sababu mara nyingi mwenye mashua si yeye aukumbaye. Kabla hujasema kwamba maji ni kidogo, mtazame yule aliyeketi nyuma na kopo, umwulize leo ameacha nini ili aje kuketi hapo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za kuhifadhi nyavu zisiliwe na panya.