Mafuta Yakivuja, Kalamu Isilale

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mwenye trekta yafaa aligeuze neno hilo, kwa kuwa haba na haba pia hukimaliza kibaba. Tone moja la mafuta chini ya giaboksi halimtishi mtu; lakini mashine ikiachwa ilime hivyo hivyo toka mvua za Machi mpaka Mei, gia husagana kavu, beringi huungua, na shamba hubaki pori huku majirani wakipalilia.

Twawaambia haya askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu trekta limekuwa zana yetu. Mwaka 2013 Serikali ya Uganda ilipoanzisha mpango wa Operation Wealth Creation, maafisa wa jeshi walipewa kazi ya kuwafikishia wakulima mbegu na miche, na ukulima ukawa sehemu ya wajibu wa mwanajeshi. Tena wapo wenzetu wanaokopa katika vyama vya akiba, kama kile cha Wazalendo cha jeshi na cha Exodus cha polisi, wakiitazamia siku ya kustaafu. Aliyekopa ili anunue trekta hulipa deni kila mwezi, trekta lilime lisilime. Kwake yeye, mafuta yanayovuja ni mshahara unaovuja.

Basi na tuijue mashine kwanza. Katika matrekta mengi, mafuta ya giaboksi ndiyo hayo hayo yanayolainisha difu na kuinua jembe kwa nguvu ya haidroli. Kwa hiyo yakipungua sana, dereva huweza kuona jembe likipanda kwa uzito kabla hajasikia gia zikilia. Mafuta yakidondoka penye maungio ya injini na giaboksi, itazamwe rangi: yaliyo meusi aghalabu yametoka katika injini, na yaliyo ya rangi ya asali aghalabu yametoka katika giaboksi. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Wala si kila uvujaji ni maafa. Tundu la kupumulia la giaboksi likizibwa na matope, hewa iliyopata joto hukosa pa kutokea, ikayasukuma mafuta nje kupitia sili ambazo ni nzima. Kulisafisha tundu hilo ni kazi ya dakika chache. Lakini sili ya shafti inayoingia katika giaboksi ikikatika, mafuta huifikia klachi, klachi huteleza, na hapana budi trekta litenganishwe katikati. Hiyo ni kazi ya karakana, na gharama yake si ndogo.

Hapo ndipo dhamana inapohitajika. Dhamana ni mkataba, na mkataba una pande mbili. Muuzaji huahidi kuitengeneza kasoro iliyotoka kiwandani kwa muda uliotajwa, mara nyingi mwaka mmoja au idadi fulani ya saa za kazi. Mnunuzi naye huahidi kufanya sevisi kwa saa zilizopangwa, kutia mafuta ya aina iliyoandikwa, na kutoa taarifa mara kasoro ionekanapo. Sili iliyokatika yenyewe katika mwezi wa tatu kwa kawaida ni mzigo wa muuzaji. Sili iliyokatwa na waya uliojizungusha kwenye ekseli ni mzigo wa mwenye trekta. Na giaboksi iliyokufa kwa sababu dereva aliyaona mafuta yakivuja akaendelea kulima wiki mbili, muuzaji atasema kwamba sili ni juu yake, lakini gia ni juu ya mwenyewe. Nasi hatutakuwa na la kumjibu.

Sasa tuseme wazi lile linalotukera. Ziko sehemu ambako dereva akiripoti uvujaji hukaripiwa kana kwamba yeye ndiye aliyeitoboa giaboksi, kwa kuwa mkubwa wake anataka ekari zimalizike. Akishaonja karipio hilo mara moja, siku nyingine atapaka gundi, ataongeza mafuta yoyote aliyoyapata, naye atanyamaza. Fundi wa muuzaji atakapofika atakuta gundi, mafuta ya aina mbili na kitabu cha sevisi kitupu, na dhamana itakuwa imekwisha kufa. Kuvuja si kosa la dereva. Kuficha ndilo kosa, na anayemtia dereva hofu ni mshirika katika kosa hilo.

Wapo watakaojibu kwamba mvua haimngoji fundi. Ni kweli, na ndiyo maana maswali huulizwa kabla ya kutia sahihi. Karakana ya muuzaji iko wapi? Nani hulipa nauli ya fundi mpaka shambani? Spea hukaa siku ngapi njiani? Majibu yaandikwe katika mkataba, maana ahadi ya mdomo haina mhuri. Na muuzaji asidhani kuwa karatasi yake ya dhamana ndiyo mwisho wa haki. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka mwenye kufanya biashara auze bidhaa yenye ubora unaofaa, tena inayofaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza.

Askari haendi na bunduki ya ghalani bila jina lake na namba ya bunduki kuandikwa kitabuni. Trekta nalo listahili heshima hiyo. Kila asubuhi dereva atazame chini ya mashine, apime mafuta, aandike saa za mita na alichokiona. Akiona tone, alipangushe na kutazama linakotoka. Likirudi, asimamishe kazi na aripoti kwa maandishi siku ile ile. Nanyi makamanda, mpokeeni kama mnavyompokea mlinzi aliyemwona adui mapema. Mlinzi wa namna hiyo hakaripiwi. Hushukuriwa, na ngome husalimika.