Ati Dodoma Hakuna pa Kula

Yako maneno ambayo mtu akiyasema mara nyingi huanza kuyaamini, na wanaomsikiliza huyapokea kama sarafu ambayo hakuna aliyeigonga mezani kusikia inavyolia. Mojawapo ni hili tunaloletewa na wageni kutoka pwani: kwamba Dodoma ni mji mzuri wa kazi na mikutano, ila hakuna pa kula. Nimelisikia likisemwa na maofisa, na watu wa semina, hata na walimu, ambao walipaswa kujua kwamba mtu hatoi jibu kabla ya kusoma swali.

Kila anayenitolea maneno hayo humuuliza jambo moja tu: ulikula wapi? Jibu huwa ni lilelile. Alikula hotelini alikolala, au katika ukumbi wa mkutano, wali uleule na kuku yuleyule anayepatikana katika kila ukumbi wa mikutano toka Tanga hata Mbeya. Basi huyo hakula Dodoma. Ni kama mwanafunzi aliyetazama jalada la kitabu, akarudi darasani na kutangaza kwamba kitabu hakina habari.

Mimi ni mkazi wa Chang'ombe. Nasema Chang'ombe ya Dodoma, siyo ile ya Temeke ambako wengi wa rika langu tulipelekwa kujifunza ualimu, na ambako chuo chetu kiligeuzwa mwaka 2005 kuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu. Chang'ombe hii ni mtaa wa watu waliojijengea wenyewe huku viwanja vikipimwa nyuma yao. Nyumba zimekaribiana, vichochoro ni vyembamba, na mgeni mwenye gari kubwa hana hamu ya kuingia. Lakini mchana, kati ya saa sita na saa nane, ukisimama katika njia zetu utasikia harufu ya maharage yenye kitunguu, dagaa wa kukaanga na mlenda wenye karanga, na utaona mafundi, madereva wa bodaboda na makarani wamekaa bega kwa bega kwenye mabenchi. Watu hawa wanakula. Wanakula kila siku, na wala hawajui kwamba mji wao hauna chakula.

Zamani neno hoteli halikuwa na vitisho. Tulipokuwa vijana, hoteli ilikuwa chumba chenye meza mbili, birika kubwa, na kabati la kioo la maandazi. Mtu akisema "tukutane hotelini", mfuko hauumi. Siku hizi neno limevaa tai, na waliobaki na birika wameitwa "mama ntilie", kisha walipoonewa haya kidogo wakaitwa "mama lishe". Jina zuri. Ningefurahi zaidi kama pamoja na jina wangepewa bomba la maji, lakini hilo nitalifikia.

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu safari fupi ya kuja Dodoma imekuwa jambo linalowezekana kwa mtu wa kawaida. Treni ya umeme ya reli mpya, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi tarehe 1 Agosti 2024, inamtoa mtu Dar es Salaam na kumfikisha hapa kwa muda wa saa nne hivi, wakati basi humla karibu siku nzima. Nauli ya treni ya kawaida ilipotangazwa ilikuwa shilingi 31,000. Mwalimu, muuguzi au fundi anaweza kupanda Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Jambo moja tu reli hii imetunyima: madirisha yake hayafunguki. Sisi tuliosafiri kwa gari moshi la reli ya kati kwenda Tabora tulikula njia nzima kupitia dirishani, na hakuna wa rika langu asiyekumbuka kuku wa Saranda. Msafiri wa leo hafikiwi na mwanamke mwenye ungo kichwani. Kama mjini nako hatamtafuta, watakutana wapi?

Wako wanaokutana katika umri wao kwa jina la chuo nilichokiongoza hadi nilipostaafu. Kamati yao imepanga safari ya siku mbili kuja hapa, na kwa heshima wakaniletea ratiba ili niitazame. Nimeitazama. Milo yote minne mikubwa imewekwa hotelini, kila mlo shilingi 25,000 kwa kichwa. Nilipouliza sababu nikajibiwa, "Mwalimu, shikamoo, tumeambiwa huko hakuna pa kula."

Sikuwafundisha hesabu wote, lakini wote walifundishwa. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 62,000. Nyumba ya wageni iliyo safi, yenye chandarua na maji, kwa shilingi 25,000, siku mbili ni 50,000. Milo minne ya hotelini ni 100,000. Kwa hiyo tumbo peke yake linakaribia kulingana na reli na kitanda vikijumlishwa. Mtaani kwangu sahani ya wali na maharage, mboga za majani na kipande cha samaki haijanizidi shilingi 3,000. Milo minne ni 12,000. Tofauti ni 88,000, nayo inatosha kumlipia mwenzao nauli ya kwenda na kurudi na usiku mmoja wa kulala, na chenji kidogo ikabaki. Najua ndani ya kundi lile wapo waliosema hawaji kwa kukosa fedha. Hao hawakukoseshwa na reli. Wamekoseshwa na sahani.

Basi nitasema ninavyopanga mimi, na anayetaka anipinge.

Kwanza, usije wiki za Bunge ikiwa unaweza kuziepuka. Tangu Bunge lilipohamia hapa mwaka 1996, na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, wenye vyumba wamejifunza kalenda yake kuliko kalenda ya mvua. Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, hupandisha bei za vyumba na kujaza hata vile vyenye kitasa kibovu.

Pili, Jumamosi asubuhi nenda sokoni Majengo mapema, kabla ya kutafuta kitu kingine. Sokoni wapo watu walioamka usiku, na penye watu walioamka usiku pana supu. Supu ya makongoro na chapati, au uji wa uwele kwa asiyetaka mafuta asubuhi. Nunua ubuyu na ukwaju wa kurudi nao nyumbani. Zabibu hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ukibahatika msimu, usinunue kwa kilo moja moja kama mgonjwa.

Tatu, Jumamosi hiyohiyo ni siku ya mnada wa Msalato, kwenye barabara ya Kondoa. Panda daladala. Pale mbuzi huuzwa mzima upande mmoja na huchomwa upande mwingine, na nyama huipimi kwa jina la mkahawa bali kwa mizani na kwa macho yako. Unachagua kipande, kinapimwa, kinachomwa, kinakatwa juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni. Nimeona watu wazima wenye vyeo wakilamba vidole pale. Jumatatu huwa hawasemi walikuwa wapi.

Nne, na hili ndilo la kwangu, kabla hujaondoka ule mlo mmoja wa Kigogo hasa: ugali wa uwele au wa mtama, mlenda, na maziwa ya mgando ukiyapata. Hiki ndicho chakula ambacho hoteli hazikiandiki kwenye orodha, na ndiyo maana mgeni anaondoka bila kujua kama kipo. Ugali wa uwele una rangi ya kijivu na una harufu yake. Anayeuona mara ya kwanza husitasita. Lakini nchi hii hupata mvua za msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 600 hivi kwa mwaka, na katika miaka mibaya mahindi hukauka kabla ya kubeba, uwele ukasimama. Majani ya mlenda huchumwa mvua zikiwepo, yakaanikwa, yakatwangwa, yakaliwa kiangazi chote. Wazee waliotulea walisimuliwa Mtunya, ile njaa kuu ya miaka ya Vita ya Kwanza, pale majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipochukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, na ukame ukaja juu yake, watu wakafa kwa wingi. Waliobaki walijua thamani ya unga wa uwele na gunia la majani makavu. Mtu anayeniambia chakula hiki ni cha kimaskini hanitukani mimi. Anatukana maarifa yaliyomfanya mji wake wa mikutano uwe na wenyeji wa kumpokea.

Najua neno litakalofuata: uchafu. "Mwalimu, tunaogopa matumbo." Hofu hiyo siidharau, maana kipindupindu tumekiona katika nchi hii zaidi ya mara moja. Lakini uchafu haukai mahali kwa sababu ya bei. Tazama kabla hujakaa. Chakula kinachemka, au kimelala kwenye sufuria baridi? Ndoo ya kunawia ina koki na sabuni, au ni beseni moja mikono kumi? Vyombo vinasuuzwa kwa maji mangapi? Kisha tazama wateja: palipo na wafanyakazi wengi saa saba, sufuria huisha na chakula hakilali. Kachumbari na maji ya kunywa yasiyojulikana yaache. Mtu akifuata hayo anaweza kula mtaani kwangu, na asipoyafuata anaweza kuugua penye vitambaa vyeupe mezani.

Tena linanishangaza jambo moja. Hawahawa wanaoogopa benchi la Chang'ombe wakienda Unguja hawalali bila kufika Forodhani usiku, wakala mishikaki na urojo wamesimama, upepo wa bahari ukipuliza, na picha wakapiga. Forodhani ni nini kama si vibanda vya chakula vya watu wa kawaida? Tofauti ni kwamba bustani ile ilikarabatiwa, ikafunguliwa upya mwaka 2009, ikiwa na sakafu, taa na mpango. Huko Singapore, wauza chakula wa barabarani waliondolewa njiani kuanzia miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, lakini hawakutupwa: walijengewa majengo yenye maji, mifereji na umeme, wakapewa leseni. Mwaka 2016 kibanda kimoja cha wali na kuku katika majengo hayo kilipewa nyota ya Michelin, ambayo watu wa hoteli kubwa za Ulaya huililia, na mwaka 2020 UNESCO ikauingiza utamaduni wa vibanda hivyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Serikali ile haikuanza kwa kuuliza "tutawaondoaje". Iliuliza "wataosha vyombo wapi".

Hapa kwetu tumezoea kuanza na lile la kwanza. Mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, nao wakapumua. Mwaka 2021 ikaja amri ya kuwapanga upya katika miji yote. Kupanga sikupingi, nimepanga mabweni maisha yangu yote. Lakini mpishi si muuza mikanda. Muuza mikanda ukimhamisha kilometa mbili anabeba mikanda yake. Mpishi ukimhamisha umemwondolea wateja wa saa saba, ambao wana nusu saa tu ya kula na hawatamfuata. Wanawake wa mtaani kwangu hawaombi soko la ghorofa. Wanaomba bomba moja kila baada ya vibanda vichache, mfereji uliofunikwa, na gari la taka linalopita kweli. Nimewasikia wakiyasema hayo kwa miaka, kwa sauti ileile ya upole ambayo walinijia nayo chuoni kuomba ada ilipwe kwa mafungu. Maana wengi wa walimu wanaofundisha leo watoto wenu walisomeshwa na sufuria hizohizo. Nilikuwa nakata stakabadhi kwa noti zenye harufu ya moshi, najua ninachosema.

Kwa hiyo kwa kamati nimejibu hivi. Ijumaa usiku na Jumapili kaleni mnakotaka, sitawashikia fimbo. Jumamosi asubuhi ni Majengo, mchana ni Msalato, na kwa chakula cha usiku mimi nitakuwa kwenye benchi Chang'ombe, saa moja kamili. Mama anayetupikia anataka kujua idadi kabla ya Alhamisi jioni, kwa sababu uwele unapelekwa mashineni Ijumaa asubuhi, na hasagi unga wa kubahatisha. Atakayekuja alete shilingi 3,000 zilizovunjwa. Mama hana chenji ya noti kubwa.