Si Kitabu Kilichomfukuza Bibi

Wapo wazazi, na wapo walimu wenzangu pia, wasemao kwamba hadithi za mizimu, makaburi na uchawi zisiingie shuleni. Husema zinawatia watoto ushirikina. Nimeisikia hoja hiyo tangu nilipotoka chuo cha ualimu, na aibu yangu ni kwamba niliwahi kuitii. Leo nimestaafu, niko hapa Mlali na jembe langu na mbuzi wachache, sina wa kumwogopa kazini. Basi niseme wazi: hoja hiyo si ya kweli, tena ina madhara.

Kwanza tuulizane, ndugu msomaji: hofu ya mtoto wa Ugogo ilitoka kitabuni? Mimi nilimjua mchawi apandaye fisi usiku kabla sijaijua herufi moja. Nilisimuliwa na bibi jikoni, moto umefifia, na fisi wenyewe wakilia upande wa mlimani. Hadithi ile haikuwa na mwisho. Ilinifuata kitandani, ikanifuata hata nilipotoka nje usiku kwa haja ndogo. Kitabu kilikuja baadaye sana, nacho ndicho cha kwanza kunipa hofu yenye ukurasa wa mwisho.

Kitabu chenyewe kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotolewa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Nilikisoma kwa mwanga wa koroboi, kikiwa kimekwisha kupoteza jalada. Maiti inakutwa mzimuni, watu wananong'ona, nami nywele zinanisimama. Kisha anaingia Bwana Msa na kiko chake. Hatambiki wala hapigi ramli. Anauliza maswali na kupima majibu. Mwishowe nyuma ya mzimu anapatikana mwanadamu, mwenye mikono na sababu zake. Sikuwa nimefundishwa hivyo katika somo lolote.

Cha pili kilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ya Mwingereza Rider Haggard ya mwaka 1885, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1929. Humo yumo Gagool, kikongwe aliyekunjamana, ambaye alininyima usingizi. Nakiri kwamba kitabu hiki kina dosari: kimeandikwa kwa jicho la mkoloni, na kinamfanya ajuza kuwa sura ya uovu. Lakini nilipokisoma tena nikiwa mwalimu niliona jambo lililonipita utotoni. Kazi ya Gagool ni kuwanyooshea watu kidole katika mkutano wa mfalme kwamba ni wachawi, na anayenyooshewa huuawa papo hapo bila kuulizwa neno. Kumbe wa kuogopwa ni yule mwenye kidole, pamoja na wanaotii kidole hicho.

Mtaniambia kwamba si kila hadithi ya giza humalizwa na Bwana Msa. Kweli. Mirathi ya Hatari cha C. G. Mung'ong'o, cha mwaka 1977, hakisemi kwamba uchawi ni maneno matupu. Kijana anarithishwa uchawi na baba yake kama mwingine anavyorithishwa shamba. Lakini tazama msomaji anawekwa wapi: karibu na huyo anayerithi, aone uzito wa mzigo wenyewe. Anayezoea kusoma hivyo hawi mwepesi wa kuokota jiwe.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Wazazi wachache walilalamika kwamba mtoto wa darasa la saba alikutwa akisoma kitabu cha mizimu. Sikubishana nao. Nilimnyang'anya kitabu, nikakifungia kabatini ofisini pamoja na vingine vya aina hiyo. Mwaka huohuo mvua zilichelewa. Jirani na shule aliishi bibi mmoja mjane, mwenye macho mekundu. Ikasemwa kwamba ndiye aliyezuia mvua. Usiku mmoja nyumba yake ya tembe ilipigwa mawe, naye akatoroshwa na nduguze kabla ya mapambazuko. Hakurudi tena.

Macho yale yalikuwa na maelezo. Nchi yetu ya Kongwa ilijulikana kwa trakoma, yaani vikope, hata watafiti wakaja kuichunguza miaka hiyo ya 1980. Ugonjwa huo ukikomaa, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho mchana na usiku. Ongeza moshi wa kuni wa miaka sitini. Bwana Msa angeuliza. Vijana wale hawakuuliza. Baadhi yao niliwafundisha kusoma mimi mwenyewe, na ni mimi niliyewanyima cha kusoma.

Serikali imewahi kuonyesha mzizi ulipo. Januari 2009, kwa ajili ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Januari 2015 wapiga ramli wakapigwa marufuku. Hazikupigwa marufuku riwaya.

Sitetei kila kitishacho. Zipo hadithi na filamu ambazo mwisho wake ajuza anachomwa moto na umati unashangilia. Hizo ni ramli iliyopigwa chapa. Kipimo changu ni kimoja: ukifunga kitabu, umepata swali au umepata mtu wa kumnyooshea kidole? Mwalimu akipime kila kitabu kwa kipimo hicho, asipime kwa jina lililo juu ya jalada.

Mwalimu mwenzangu, ufunguo wa kabati unao wewe. Lifungue, umpe mtoto kitabu, na kesho umwulize ameogopa nini na kwa nini.