Breki za diski: piga hesabu kabla ya kubadilisha seti

Mfanyabiashara anayekodisha baiskeli za milimani, awe Lushoto, Moshi au Arusha, hukabiliwa na swali moja kila anapojiandaa kwa msimu wa watalii: je, breki za diski za kebo ziondolewe na kuwekwa za mafuta? Muuzaji wa vipuri atamjibu haraka kwamba ziondolewe. Kwa maoni yangu, hilo ni jibu la muuzaji, si la mwekezaji. Mwekezaji hana budi kuuliza kwanza breki zake zinashindwa wapi, na ni fedha kiasi gani, kwa uchache, zitamaliza tatizo hilo.

Tuchukue mteremko wa kutoka Lushoto hadi Mombo. Njia hiyo ina urefu wa kilomita zipatazo 33, na hushuka karibu mita 1,000. Ikiwa mpandaji na baiskeli yake wana uzito wa kilo 90, nishati ya kushuka huko inatosha kuchemsha takriban lita mbili na nusu za maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na tairi. Inayobaki hugeuka joto kwenye diski na pedi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mafuta hayapunguzi joto hilo. Kebo na mafuta ni njia mbili tu za kupeleka nguvu ya vidole kwenye pedi. Kinachobeba joto ni diski, na kinachosimamisha baiskeli ni pedi pamoja na mshiko wa tairi barabarani.

Walioanzisha mchezo huu walilijua tatizo la joto tangu mwanzo. Mwaka 1976, huko Marin, California, vijana walianza mashindano ya kushuka mlima yaliyokuja kuitwa Repack. Jina hilo lilitokana na breki za ndani ya habu ya nyuma: zilipata moto kiasi cha kuunguza grisi, na baada ya mbio ikabidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya.

Kwa hiyo nashauri matumizi yapangwe kwa hatua. Hatua ya kwanza ni pedi na kebo. Pedi iliyobakiwa na nusu milimita ibadilishwe. Diski nyingi za Shimano huwa na unene wa milimita 1.8 zikiwa mpya, na zikifika 1.5 zimekwisha. Pedi iliyolowa oili ya mnyororo hupiga kelele na haishiki, nayo itupwe. Pedi za chuma huvumilia joto na matope kuliko za resini, lakini baadhi ya diski za bei nafuu zimeandikwa kuwa ni za pedi za resini tu. Kebo yenye kutu nayo iondolewe. Breki nyingi zinazodaiwa kuwa dhaifu hupona hapa.

Hatua ya pili ni diski kubwa zaidi, kwa kuanzia mbele, kwa kuwa uzito huhamia mbele mtu anapofunga breki. Kutoka milimita 160 kwenda 180 huongeza nguvu ya kusimamisha kwa asilimia 12.5 kwa mkono ule ule, na huongeza chuma cha kubeba joto. Fundi ahakikishe kwanza kwamba mtengenezaji wa foki ameruhusu ukubwa huo.

Hatua ya tatu ndiyo breki za mafuta. Sitaki kuzibeza. Zinafungwa kwa kidole kimoja, na hujirekebisha zenyewe kadiri pedi zinavyolika. Katika mteremko mrefu mkono uliochoka ni hatari, na hapo zina thamani ya kweli. Lakini zina gharama zisizoonekana siku ya kununua. Shimano hutumia mafuta ya madini, na modeli nyingi za SRAM zimekuwa zikitumia DOT. Ukichanganya, sili za ndani huharibika. Tena DOT hunyonya unyevu: DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishaingia maji kiwango chake hushuka hadi 155. Mafuta yakichemka, mkono wa breki huzama bila kushika kitu. Anayenunua breki hizi bila kuwa na fundi wa kutoa upepo na kubadili mafuta amenunua hatari mpya.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, msomaji aweke zake. Tuseme una baiskeli 10. Seti ya mafuta pamoja na ufundi ni shilingi 250,000 kwa kila moja, jumla 2,500,000. Pedi, kebo na diski kubwa ya mbele ni 70,000, jumla 700,000. Tofauti ni 1,800,000. Kama kila baiskeli hukuachia 15,000 kwa siku baada ya gharama, unahitaji siku 120 za ziada za kukodisha ili kurudisha tofauti hiyo. Je, breki zitakuletea wateja hao? Kama wateja wako ni wapandaji wazoefu wanaolipia miteremko mirefu, huenda. Kama ni wageni wanaokwenda kutazama mandhari ya Irente na kurudi, sidhani.

Mwenye baiskeli za mtumba zenye breki za rimu asithubutu kuchomelea vishikizo vya diski kwenye fremu na foki zisizotengenezwa kwa kazi hiyo. Ni afadhali auze na kununua nyingine.

Kwa wenye maduka, neno langu ni fupi. Pedi hutofautiana umbo kutoka modeli moja hadi nyingine. Kabla hujamuuzia mtu seti, hakikisha unazo pedi zake na mafuta yake kwenye rafu, la sivyo mteja huyo humwoni tena.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Breki iliyopo, ikitunzwa, inaweza kumrudisha mteja salama na kuuacha mtaji wako mkononi.