Hatari ya handaki la maji haikomi mlangoni mwake

Mkazi wa Galbet, mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Garissa Mjini, huenda hajawahi kuliona handaki la maji lililochimbwa chini ya milima ya Murang'a. Hata hivyo, mji wake hunywa maji ya Mto Tana, na baadhi ya vijito vinavyoulisha mto huo ndivyo vilivyotegwa na handaki hilo.

Handaki la Northern Collector, lenye urefu wa kilomita 12 hivi, lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Huchota maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyaelekeza upande wa bwawa la Ndakaini, ili Nairobi ipate takriban lita milioni 140 zaidi kila siku. Mwaka 2016, Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, alionya kuwa mradi huo ungegeuza maeneo ya chini ya mto kuwa jangwa. Serikali ilijibu kwamba yangechotwa maji ya mafuriko pekee.

Mabishano hayo yaliificha hoja ya msingi, nayo ni kwamba ujenzi wa chini ya ardhi huzaa hatari za aina mbili. Ya kwanza ni ya wakati wa kuchimba: mwamba kuporomoka, maji kufurika ndani na wafanyakazi kuumia. Hiyo hugawanywa katika mkataba baina ya mwenye mradi na mkandarasi, nayo hupungua sana kuta zikishajengwa kwa zege. Ya pili huja baadaye na kudumu kwa miaka mingi: chemchemi kukauka na mto kupungua. Hiyo humwangukia mtu ambaye hakutia sahihi popote.

Uswidi ililipa gharama kubwa kujifunza jambo hilo. Handaki la reli la Hallandsås, lenye urefu wa kilomita 8.7, lilianza kujengwa mwaka 1992. Maji ya chini ya ardhi yalivujia ndani, na visima vya wakulima vikashuka. Kemikali iliyotumiwa kuziba nyufa ilichafua vijito, ikaua samaki na kupoozesha ng'ombe, na mwaka 1997 kazi ikasimamishwa. Treni zilianza kupita mwaka 2015.

Kwa upande wa Garissa, hesabu yahitaji uangalifu. Lita milioni 140 kwa siku ni kama lita 1,600 kwa sekunde, ilhali kwa wastani Tana hupitisha zaidi ya lita 100,000 kwa sekunde mjini Garissa. Aidha, kati ya Murang'a na Garissa kuna mabwawa, likiwemo Masinga lililokamilika mwaka 1981, ambayo huamua kiasi cha maji kinachoteremka. Kwa hiyo, dai la jangwa lilitiwa chumvi.

Lakini wastani haunyweshi ngamia. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa, na wafugaji wakazidi kutegemea malka, yaani njia za mifugo kufikia mto. Wakati kama huo, kila lita ina thamani. Halafu, mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024, mto huo huo ulifurika na kuwahamisha wakazi wa Garissa. Mafuriko ya kiasi hicho handaki haliwezi kuyameza.

Basi usalama wa mradi hutegemea ahadi moja: kuchota mto ukijaa na kuacha mto ukipungua. Ahadi hiyo haina nguvu bila kipimo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, inayotoa vibali vya kuchota, inaweza kutangaza kila siku kiasi kilichopita milangoni mwa handaki na kiasi kilichoachiwa mto. Kiwango cha kufunga milango chafaa kijulikane hadharani, na kaunti za chini, Garissa ikiwemo, ziwe na sauti katika kukipanga.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya maji safi, awe Nairobi au Galbet. Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari. Kwa handaki ambalo limeshajengwa, tahadhari hiyo sasa ni kazi ya kila siku.