Metallica na Okestra: Mbona S&M Bado Inabamba Miaka Yote Hii?

Wasee, mnajua hii stori. Bendi ya roki ikitaka kuonekana imekomaa, inaita watu wa vayolini. Wanavaa suti, wanakaa nyuma, wanapiga kidogo kwa zile ngoma za pole, halafu albamu ya laivu inaangushwa. Ukiwatoa, ngoma inabaki tu vile ilikuwa.

Metallica walienda njia ingine. Aprili 21 na 22, 1999, walipiga shoo mbili huko Berkeley, California, wakiwa na San Francisco Symphony, okestra iliyoanza 1911. Novemba mwaka huo huo S&M ikatoka.

Jamaa aliyefanya hiyo kitu iwezekane ni Michael Kamen. Kama umewahi kucheki Die Hard ama Lethal Weapon, muziki wake umeshauskia. Ni yeye pia aliandika sehemu ya okestra kwa Nothing Else Matters ya 1991. Kwa S&M, Kamen hakutaka okestra ifuate gita kama mkia. Aliiandikia kama bendi ya pili. Skiza The Call of Ktulu: haina maneno hata moja, lakini okestra na gita zinasukumana hadi mwisho. Hiyo laivu ndiyo iliwapa Grammy 2001.

Lakini tusidanganyane, si kila ngoma ilishika. Gita za metali zikiwa na madrum ya Lars Ulrich tayari zimejaza kila kona. Kwa zile ngoma za kasi kama Battery, kuna mahali vayolini zinatafuta nafasi na hazipati.

Septemba 2019, miaka 20 baadaye, wakarudi kufungua Chase Center, San Francisco, na shoo za S&M2. Kamen hakuwepo, alifariki 2003. Hapo ndipo Scott Pingel, mkubwa wa wapiga besi wa okestra, alikuja mbele akapiga Anesthesia, solo ya Cliff Burton, yule mpiga besi wa Metallica aliyekufa kwa ajali ya basi Uswidi 1986. Tumezoea kuona watu wa roki wakiomba heshima kwa watu wa okestra. Usiku huo msee wa okestra ndiye alimpea heshima mtu wa roki, na umati ukalipuka.

Hiyo albamu ilitoka Agosti 2020, wakati Corona ilikuwa imefunga kumbi za shoo karibu kila mahali.

Kwa hivyo msanii yeyote anayepanga shoo ya vayolini, hata hapa Nairobi, aanze kwa kulipa mtu wa kupanga muziki, suti zitafuata. Na wewe shabiki, kabla utoe chapaa ya tiketi, jiulize: vayolini zikinyamaza, kuna kitu itapotea?

Haya, semeni ukweli: ya 1999 ama ya 2019, gani ndio moto?